504 ya marehemu baba inachemka mjini, na harusi ni mwezi wa kumi

Swali: Papa fundi, nakusalimu toka Katuba, hapa Lubumbashi. Marehemu baba alituachia Peugeot 504 ya mwaka 1977, ya petroli, lita mbili, kabureta. Nikienda Likasi inatembea vizuri, mshale unakaa katikati kilomita zote 120. Lakini nikiingia mjini saa nane mchana na foleni ikasimama, dakika kumi hazipiti, mshale uko kwenye nyekundu na maji yanamwagika. Fundi wangu ametoa kalorsta (thermostat), bado. Amebadilisha kifuniko cha rejeta, akaweka cha Toyota, bado. Sasa anataka tununue rejeta ya lori aikate. Dada yangu anaolewa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi, na mama amesema bibi harusi atapanda gari la baba au asitoke nyumbani. Nifanye nini? Na je, ni kweli wanavyosema, kwamba joto la siku hizi limezidi magari haya?

Jibu: Mwanangu, pesa ya rejeta ya lori iache mfukoni. Swali lako lina maneno manne yanayonitosha: Likasi inafika, mjini inachemka. Fundi wako angeyasikiliza hayo kabla ya kushika spana, kalorsta yako ingekuwa bado mahali pake.

Gari likikimbia kilomita 80 kwa saa, upepo wa safari wenyewe unapenya rejeta, na feni haina kazi kubwa. Gari likisimama, feni ndiyo upepo wote ulio nao. Kwa hiyo injini inayopandisha joto barabarani, kwenye mlima au na mzigo, halafu ikatulia mjini, mwizi wake namtafuta kwenye maji: rejeta iliyoziba, pampu iliyochoka, mpira wa chini unaonywea pampu ikivuta. Injini inayotulia barabarani na kuchemka kwenye foleni, mwizi wake yuko kwenye upepo. Rejeta iliyoziba isingekufikisha Likasi mshale ukiwa katikati, maana huko ndiko injini inachoma petroli nyingi kwa kila dakika na kutoa joto jingi. Ya kwako inafaulu mtihani mgumu, inaanguka kwenye ule mwepesi.

Nadhani fundi wako aliitazama feni, akaona ipo, mbawa zake nzima, mkanda umekaza, akapita. Kosa hilo nalielewa. Ni kosa la mafundi waliolelewa na Toyota. Kwenye magari mengi ya zamani feni imefungwa kwa bolti kwenye puli ya pampu ya maji. Injini ikizunguka, nayo inazunguka. Peugeot walifikiri vingine, na wazo hilo lilikuwepo tayari kwenye 404. Waliona feni inakula nguvu ya injini hata asubuhi ya baridi isipohitajika, wakaiweka juu ya beringi yake iwe huru, na ndani ya puli wakaweka sumaku ya umeme. Kwenye rejeta kuna swichi inayosikia joto la maji. Maji yakipata moto, swichi inapitisha umeme. Umeme unapita kwenye kaboni ndogo inayosugua pete ya chuma, sumaku inaamka na kuishika feni, feni inazunguka na puli. Maji yakipoa, sumaku inaiachia. Sehemu kubwa ya barabara ya Likasi gari lako linatembea na feni iliyolala, na ndivyo waliotengeneza walivyotaka.

Ubaya ni kwamba feni hiyo hata ikiwa imelala haisimami kabisa. Msuguano wa beringi unaiburuta kidogo, unaiona inazunguka kivivu, na macho yanakuambia iko hai. Weka mkono mbele ya grili, si karibu na feni, gari likiwa limesimama na mshale umepanda. Ukisikia pumzi ya mbuzi tu badala ya upepo, feni yako ni maiti inayotembea.

Mtihani wake hauna gharama. Injini iwe baridi na imezimwa, betri imara. Zungusha feni kwa mkono: lazima iwe nyepesi. Sasa washa ufunguo bila kuwasha injini, toa nyaya mbili za ile swichi ya rejeta, ziunganishe zenyewe kwa zenyewe. Sikiliza. Ukisikia "tak", jaribu tena kuzungusha feni kwa mkono. Ikikataa, sumaku ni nzima na aliyekufa ni swichi. Usiposikia kitu, chukua waya wenye fyuzi, utoe umeme moja kwa moja kwenye chanya ya betri hadi kwenye waya wa kaboni. "Tak" ikija hapo, ugonjwa uko kwenye nyaya au fyuzi. Isipokuja, shuka kwenye kaboni yenyewe. Mara nyingi naikuta imekwisha, au imekwama kwenye nyumba yake kwa vumbi letu jekundu lililochanganyika na mafuta. Isafishe, hakikisha springi inaisukuma, pete isugue kwa msasa laini mpaka ing'ae. Baada ya hapo pima pengo kati ya sumaku na sahani ya feni. Ni dogo sana, karibu unene wa kadi ya mwaliko, na linarekebishwa kwa skrubu. Pengo likiwa pana sumaku haina mkono wa kufika. Tumia geji ya mapengo na kipimo cha kitabu cha injini yako, na upime sehemu zote za mzunguko, maana sahani iliyopinda hudanganya.

Ikiwa waya wa ndani wa sumaku umeungua na kipuri hakipatikani, skrubu zilezile za pengo zinaweza kukazwa mpaka feni ishikane na puli, izunguke muda wote kama feni ya gari lingine lolote. Utalisikia linavuma, utalipa petroli kidogo zaidi, lakini dada yako atafika kanisani. Wengine hufunga feni ya umeme toka gari la kisasa. Si vibaya, mradi iwe na rilei na fyuzi yake, ivute hewa upande unaotakiwa (nimeshakuta mbili zilizofungwa kinyume, zikipigana na upepo wa safari), na altaneta iweze kuilisha. Mimi kwenye 504 napenda kurudisha cha Peugeot.

Hapo ningeweza kukuaga. Lakini gari limekwisha kuchemka mara kadhaa, na fundi wako amegusa vitu viwili ambavyo havikuwa vinaumwa.

Kalorsta kwanza. Desturi ya kuitoa imekuwa dini huku kwetu, mtu anafungua boneti, anaiona, anaitupa, anasema "hii ni ya nchi za baridi." Sivyo. Kalorsta ni mlango unaozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ukiutoa, asubuhi ya mwezi wa sita na wa saba, Lubumbashi ikiwa na baridi ya kuvaa koti, injini inatembea baridi muda mrefu. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, inaingia kwenye oili ya chini, na silinda zinalika. Tena kwenye injini nyingi kalorsta hiyohiyo, ikifunguka kwenda rejeta, inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu. Ukiitoa, mkato unabaki wazi, na sehemu ya maji moto inazunguka bila kuonja rejeta. Umeitoa ili ipoe, umeifungulia joto.

Nunua mpya, au uipime hiyo ya zamani kama haijatupwa. Iangalie, ina namba ya nyuzijoto, mara nyingi themanini na kitu. Ifunge kwa uzi, iningʼinize kwenye sufuria ya maji juu ya mbabula, jiko la makaa, isiguse chini, weka na kipimajoto. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na namba yake, na kuwa wazi kabisa nyuzi kumi na kitu baadaye. Ukiona sufuria inatokota na kipimajoto kinasema 96, usikitupe, hakijaharibika. Tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 96. Kwa ndugu zetu wa Goma na Bukavu ni kama 95.

Jambo hilo la nyuzi 96 ndilo linalotupeleka kwenye kifuniko, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kifuniko ndicho kipuri kinachodharauliwa kuliko vyote.

Watu wanadhani kifuniko kinazuia maji yasimwagike. Kazi yake ni kubana. Maji yakibanwa yanachelewa kuchemka. Kifuniko kina springi na namba, na namba hiyo ni presha ambayo springi inashikilia kabla ya kufungua. Chukua maji matupu hapa Lubumbashi: bila presha yoyote yatachemka kwenye 96. Kifuniko cha 0.3 bari kitayasogeza mpaka karibu 104. Cha 0.9 bari, mpaka karibu 116. Sasa fikiria kifuniko chenye raba iliyopasuka. Injini inafanya kazi yake ya kawaida kwenye 90 na kidogo, foleni inaiongeza nyuzi tano, na tayari maji yanachemka, wakati gari hilohilo kule Kinshasa, karibu mita 300 tu juu ya bahari, lingekuwa bado linavumilia. Zaidi ya hapo, povu la mvuke halibebi joto. Sehemu ya kilasi (kichwa cha injini) iliyofunikwa na povu inaungua hata kama rejeta imejaa.

Kwa hiyo fundi wako alifikiria sawa kubadilisha kifuniko, ila hakusoma namba. Cha Toyota kinaweza kuwa na presha kubwa kuliko ile ambayo rejeta ya shaba ya mwaka 1977, na mipira yake, na rejeta ndogo ya hita iliyoko ndani kwenye miguu ya abiria, ilikusudiwa kuishika. Hutaki rejeta ya hita ipasuke juu ya gauni jeupe. Tena kina chake cha shingo kinaweza kisilingane, kikakaa juujuu bila kubana chochote. Tafuta kifuniko chenye namba iliyoandikwa kwa gari lako. Kikiwa kipya kikague pia kile kivalvu kidogo cha katikati: kinatakiwa kuvutika kwa kucha na kurudi. Kikikwama, injini ikipoa inavuta utupu, na asubuhi unakuta mpira wa juu umenywea kama shavu la mzee asiye na meno.

Maji. Umeniambia yanamwagika, nami nadhani mnajazia ya kisimani. Angalia sehemu ya chini ya birika la chai nyumbani kwenu. Ile gamba nyeupe ni chokaa; nchi yetu hii imekaa juu ya dolomiti na mawe ya chokaa, na kule Kakontwe karibu na Likasi mawe hayo yanachimbwa kabisa. Gamba hilo unalolikwangua kwenye birika linajenga nyumba ndani ya injini, na huko hulioni. Kila unapojazia maji ya kisima unaongeza tabaka jingine. Tumia maji yaliyosafishwa kama ya betri. Ukikosa, kinga maji safi ya mvua chombo kikiwa wazi angani, si yaliyopita kwenye bati.

Na dawa ya rejeta? Usiambiwe ni ya nchi zenye barafu tu. Maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wowote, hilo ni kweli, na ndiyo sababu sikushauri nusu kwa nusu kama wanavyofanya Ulaya. Lakini maji matupu yanakula chuma, na yanakula kilasi yako ambayo ni ya alumini. Weka sehemu tatu za dawa kwa kumi. Mfumo wako unachukua karibu lita nane, basi lita mbili na nusu za dawa zinatosha, zilizobaki maji. Chukua ya kijani ya aina ya kale, inayoelewana na shaba na risasi ya kulehemu, na usiichanganye na ya rangi nyingine aliyokuachia jirani.

Kabla ya kujaza, osha. Asidi ya sitriki, ile ya unga, gramu 50 kwa lita, kalorsta ikiwa nje. Injini itembee nusu saa, umwage ikiwa imepoa kiasi cha kuvumilika, usuuze mara tatu mpaka maji yatoke meupe. Wapo wanaomwaga asidi ya betri au magadi ya kuzibua mabomba. Waache. Magadi yanakula alumini mbele ya macho yako. Mwisho rejeta ioshe kwa nje, ukipiga maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili vumbi la kiangazi na majani yatoke kule yalikoingilia. Usitumie presha kali, utalaza mapezi. Mvua za kwanza zikinyesha mwezi wa kumi na moja utarudia, kwa sababu ya kumbikumbi. Usiku mmoja wa kumbikumbi barabarani unatosha kuifunika rejeta kama blanketi.

Ukijaza, elekeza pua ya gari mlimani, fungua hita mpaka mwisho, fungua skrubu ya kutoa hewa kama ipo, jaza polepole, minya mipira kwa mkono. Hewa iliyonaswa kwenye kilasi ni povu jingine.

Sasa niseme jambo ambalo hutalipenda. 504 yako ina silinda za kuchomeka, zenye maji yanayozizunguka moja kwa moja, na kilasi ya alumini juu yake. Injini ya namna hiyo haisamehe kuchemka mara nyingi. Kabla hujatumia hata faranga moja, asubuhi ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, washa injini, tazama maji shingoni. Viputo vinavyokuja mfululizo, au mpira wa juu unaokuwa mgumu dakika ya kwanza kabla maji hayajapata moto, ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Angalia oili kama imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Angalia moshi mweupe unaoendelea hata injini ikiwa moto. Ukiona dalili moja kati ya hizo, gasketi ya kilasi imeondoka, na feni nzima haitaisaidia. Na fundi akiifungua, mwambie asizungushe injini kilasi ikiwa nje bila kuzibana silinda zile. Zikisogea, gasketi zake za chini zinavuja maji kwenye oili, na kazi ya siku mbili inakuwa ya mwezi.

Nina sababu ya kulisema kwa ukali. Nikiwa mwanafunzi wa ufundi kwenye garaji moja huko Kamalondo, liliingia 404 linachemka. Nilitaka kumfurahisha mkubwa wangu. Nikafungua kifuniko kwa kitambaa, nikapata alama hii niliyo nayo mpaka leo kwenye mkono, kisha nikamwaga ndoo ya maji ya bomba. Tulisikia kilasi inalia. Mwenye gari alikuwa amesimama pale. Injini ikiwa imechemka usifungue kitu kabla ya nusu saa, na zaidi ya hapo ukiweza. Ukijaza, maji yawe ya vuguvugu, kidogokidogo, injini ikiwa imewashwa. Isipokuwa kama imebaki kavu kabisa: hapo izime na uiache ipoe yenyewe, hata ikichukua saa mbili.

Mengine napita haraka. Moto wa plagi uliochelewa unapandisha joto hasa injini ikinguruma bila kwenda, basi pengo la platinamu na wakati wa moto vipimwe, na mpira mdogo wa utupu wa distribyuta usiwe umepasuka. Breki inayokwaruza inachosha injini. Oili iwe kwenye kipimo.

Na mshale wenyewe, je, unasema kweli? Kwa gari la umri huu siamini mshale mpaka nimeupima. Waya wa ardhi ulioshika kutu kati ya injini na bodi unaweza kuupandisha au kuushusha bila joto kubadilika. Azima kipimajoto cha mwanga, kile kama bastola. Si kile cha zahanati cha paji la uso, hicho kinaishia arobaini na kidogo. Vya ufundi utavipata kwenye maduka ya vifaa, hata soko la Kenya (Kenya yetu, komini, si nchi). Alumini inayong'aa inakidanganya kipime chini, kwa hiyo bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme kwenye nyumba ya kalorsta, upime hapo. Kisha pitisha mwanga huo juu ya rejeta nzima: inapaswa kupoa taratibu kutoka maji yanapoingia hadi yanapotoka. Doa baridi katikati ya joto ni mirija iliyoziba. Ukiipata, peleka rejeta yako hiyohiyo kwa mtu wa kulehemu shaba aichokoe. Bado si ya lori.

Umeuliza kama joto la siku hizi limezidi. Mchana wa mwezi wa kumi hapa kwetu ni nyuzi 32, 33. Kaduna, Nigeria, walikounganisha Peugeot kwa miaka mingi, mwezi wa nne unapita hapo, na 504 zilikuwa teksi. Mwaka 1975 moja ilishinda Safari Rally. Rejeta inafanya kazi kwa tofauti ya joto kati ya maji na hewa: maji nyuzi 90 na hewa 33, tofauti ni 57, mwezi wa saba, hewa ikiwa 25 mchana, ni 65. Mfumo mzima unaibeba hiyo nane bila kulalamika. Hewa yetu ya mita 1,200 ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na hilo linaichukulia feni kidogo, lakini 504 ina akiba. Kinachoua kwenye foleni ni kwamba hewa mbele ya grili yako si ile ya utabiri. Uko nyuma ya lori la madini, lami inawaka, moshi wake unakujia usoni, na joto la injini yako lenyewe linazunguka chini ya gari na kurudi mbele kwa kuwa hakuna feni ya kulisukuma nyuma. Acha nafasi ya gari moja mbele yako. Watakuingilia, ndiyo, acha tena.

Siku yenyewe. Wiki moja kabla, fanya mazoezi: saa nane mchana, watu wanne ndani, nusu saa ya kutambaa mitaani, simama dakika kumi injini ikinguruma. Usikie "tak" ya sumaku, mshale upande, utulie, urudi. Ukiona hivyo, umemaliza.

Wapambaji wazuie mapema. Najua watakuja na shada la maua kubwa kama mto wa kulalia, walifunge juu ya grili, na utepe wa satini kutoka taa hadi taa. Hapo ndipo rejeta inapopumulia. Nimeyaona magari mazima kabisa yakichemka kwenye harusi kwa sababu ya maua tu. Maua yakae nyuma na kwenye vishikio vya milango. Utepe upite juu ya boneti kwa umbo la V, mbele ya grili pasikae kitu.

Mkienda mwendo wa kutambaa, gia ya kwanza, usibembeleze injini mpaka ikaribie kuzima. Iache izunguke kidogo juu ya mnguruno, ili pampu isukume maji. Mshale ukipanda ghafla, fungua hita mpaka mwisho na madirisha yote. Bibi harusi atalalamika. Hita ni rejeta ya pili, na itakupa dakika kumi za kutoka kwenye msongamano. Mkifika kanisani usizime hapohapo. Dakika mbili za kunguruma kwanza, maana ukizima pampu inasimama na joto la kilasi linabaki bila mbebaji. Gari likae kivulini, boneti wazi ibada ikiendelea. Mkitoka, petroli inaweza kuwa imegeuka mvuke kwenye kabureta na injini ikakataa kuwaka mbele ya wakwe. Usipige pige pedali. Ikanyage polepole mpaka chini, ishikilie hapo, piga stata, iachie ikishawaka.

Lita tano za maji kwenye buti, mkanda mmoja wa akiba, fyuzi mbili, na bisibisi ya zile skrubu za feni ikae mfukoni mwako, chini ya suti. Honi piga upendavyo. Hiyo haipandishi mshale.